Shajara Bila Tarehe ni Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika mijadala ya biashara, na ni nadra kuisikia ikielekezwa kwa msomi. Ilhali mali ya msomi, hasa yule anayeandaa tasnifu, si nyingine ila maandishi yake ya kila siku: alichokisoma maktabani asubuhi, alichoambiwa na msimamizi wake mchana, wimbo aliourekodi nyanjani jioni, na shaka iliyomwamsha usiku wa manane. Maandishi hayo ndiyo yanayoitwa shajara ya utafiti. Wengi wetu siku hizi hatuyaandiki tena katika madaftari ya karatasi bali katika tarakilishi, na humo ndimo yanamopotelea bila habari.

Makala haya yanatetea rai moja. Mtafiti wa Kiswahili anayehifadhi shajara yake katika tarakilishi hana budi kuweza kuyachuja maingizo yake kwa tarehe, na tarehe hiyo iwe ile ya siku jambo lilipotokea au wazo lilipozaliwa, wala si ile ya siku alipoyagusa maandishi hayo mara ya mwisho. Yaonekana kuwa tofauti ndogo. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni tofauti iyo hiyo ambayo sisi wanafunzi wa fasihi tumekuwa tukihangaika nayo kila tunapoulizwa shairi fulani lilitungwa lini.

Wiki na juma

Kwanza tuondoe utata wa neno. Katika Kiswahili, wiki ni siku saba, neno tulilolikopa kutoka Kiingereza. Katika ulimwengu wa tarakilishi, wiki ni mkusanyiko wa kurasa zinazounganishwa na kuhaririwa kwa urahisi. Jina hilo lilitolewa na Mmarekani Ward Cunningham, aliyezindua wiki ya kwanza mwaka 1995, naye alilichukua kutoka lugha ya Hawaii ambamo "wiki wiki" ni haraka haraka. Kwa hiyo maneno haya mawili hayana nasaba, yamekutana tu njiani. Katika makala haya nitasema juma nikikusudia siku saba, na wiki nikikusudia programu.

Wengi wanaijua wiki ya umma, Wikipedia, ambayo ina toleo la Kiswahili pia. Wasichokijua wengi ni kwamba mtu anaweza kuwa na wiki yake binafsi isiyosomwa na mwingine yeyote. Mfano mmoja ni TiddlyWiki, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2004 na Mwingereza Jeremy Ruston. Wiki nzima huwa faili moja tu, hufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida, na haihitaji intaneti ili kusomwa. Kwa mwanafunzi anayekwenda kukusanya data mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, sifa hiyo si haba.

Katika wiki ya aina hii, kila ingizo lina kichwa, matini, na lebo za kuliainisha. Kipo kitufe cha shajara ambacho, kikibonyezwa, huandaa ingizo jipya lenye tarehe ya siku hiyo kama kichwa chake. Programu yenyewe hulipa kila ingizo tarehe mbili bila ya kuombwa. Ya kwanza huhifadhiwa katika sehemu iitwayo "created", nayo ni tarehe ya kuzaliwa kwa ingizo. Ya pili huhifadhiwa katika sehemu iitwayo "modified", nayo ni tarehe ya kuhaririwa kwake mara ya mwisho.

Kichujio ni swali tu ambalo mwenye wiki huiuliza wiki yake. Mathalani: nionyeshe maingizo yote yenye lebo ya shajara, yaliyoandikwa katika siku saba zilizopita, mapya yakitangulia. Swali kama hilo likishaandikwa mara moja katika ukurasa wa mbele, hujijibu lenyewe kila siku. Mwanafunzi anayekutana na msimamizi wake kila juma hufungua ukurasa huo akakuta kazi yake ya juma zima imejipanga. Hana haja ya kubuni papo hapo alichokuwa akikifanya.

Hayo ndiyo manufaa ya wazi, na kama yangekuwa ni hayo tu nisingekuwa na la kuandika. Shida ni kwamba neno "karibuni" lina maana zaidi ya moja.

Tarehe tatu za ingizo moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi aliandika Februari 2023 kuhusu matumizi ya taswira za bahari katika tenzi alizokuwa akizisoma. Leo, miaka kadhaa baadaye, analisoma upya ingizo hilo, anaona neno "taswira" limeandikwa "tasiwra", analisahihisha na kulihifadhi. Herufi mbili zimebadilishana nafasi. Hata hivyo, ingizo hilo sasa limepanda hadi kileleni mwa orodha ya mambo ya karibuni, juu ya mahojiano aliyoyafanya jana.

Hivyo ndivyo TiddlyWiki inavyofanya kazi mtumiaji asipoielekeza vingine. Kibonyezo cha "Recent" kando ya ukurasa hupanga maingizo kwa tarehe ya kuhaririwa. Kichujio chake cha siku, kiitwacho "days", nacho hutazama tarehe hiyo hiyo mpaka kiambiwe kitazame nyingine. Waliounda programu hawakukosea: kwa mtu anayejenga kamusi au mwongozo, jambo muhimu ni ukurasa uliobadilika karibuni. Lakini shajara si kamusi. Ukurasa wa kamusi hutafutiwa usahihi wa leo, na ukurasa wa shajara hutafutiwa ukweli wa siku yake.

Tiba ya kwanza basi ni kukiambia kichujio kitazame tarehe ya kuzaliwa. Tiba hiyo nayo haitoshi, kwa maana ipo tarehe ya tatu ambayo programu haiwezi kuijua. Mtafiti akirekodi wimbo Jumamosi katika harusi, akaunukuu kwenye daftari Jumapili, na kuuingiza katika wiki Jumatano akiwa chuoni, programu itasema ingizo lilizaliwa Jumatano. Kwa programu, huo ni ukweli. Kwa utafiti, siku ya wimbo ni Jumamosi. Tarehe ya tukio haina budi kuandikwa na mtafiti mwenyewe, katika sehemu yake mahususi ambayo anaweza kuiita "tukio" au jina jingine alipendalo. Jambo la kufurahisha ni kwamba kichujio cha siku kinaweza kuelekezwa kwenye sehemu yoyote yenye tarehe iliyoandikwa kwa utaratibu unaofaa, ikiwemo hiyo tuliyoiunda wenyewe.

Kwa hiyo ingizo moja lina tarehe tatu: ya tukio, ya kuandikwa, na ya kuguswa. Anayezichanganya hana shajara bali ana rundo.

Somo kutoka kwa fasihi yetu

Je, haya ni makuu yasiyo na msingi? Watakaodhani hivyo na waitazame historia ya fasihi ya Kiswahili.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Riwaya yake ya Utubora Mkulima ilichapishwa mwaka 1968. Humo tunamkuta mhusika anayeacha kazi ya ofisini na kurudi shambani kuishi kwa jasho lake. Sasa tuseme mwanafunzi anazipanga kazi za fasihi kwa mwaka wa uchapishaji pekee. Ataikuta riwaya hii mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha la 1967, na atashawishika kuandika kwamba ni mwitiko wa siasa ya ujamaa na kujitegemea. Hoja yake itavutia, mifano yake itafaa, na itakuwa batili tangu mwanzo, kwani mwandishi alikuwa kaburini miaka mitano kabla ya Azimio. Mwaka 1968 ni tarehe ya kuguswa. Tarehe ya kuzaliwa ni nyingine.

Tumtazame Abdilatif Abdalla. Diwani yake ya Sauti ya Dhiki imeandikwa mwaka 1973 katika kila orodha ya marejeleo tunayoijua. Lakini mashairi yale ni ya gerezani, alikokuwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Kufikia 1973 mtunzi alikuwa huru na alikwisha kuhamia Dar es Salaam. Anayeusoma mwaka wa jaladani kama mwaka wa utungo anamtoa mfungwa gerezani kabla hajamaliza kusema.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni mfano mgumu zaidi. Mashairi yake yalikusanywa miongo mingi baada ya kifo chake kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na diwani iliyohaririwa na William Hichens ikatoka mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kufa. Muyaka aliishi nyakati za mvutano kati ya Wamazrui na Seyyid Said, mvutano uliokoma kwa kuanguka kwa Wamazrui mwaka 1837. Shairi la kejeli lililotungwa kabla ya mwaka huo ni silaha ya vita. Shairi hilo hilo likiwa limetungwa baada yake ni kilio au majuto. Maneno ni yale yale, vina ni vile vile, na tofauti yote iko katika tarehe ambayo hatuna.

Tungekuwa na nini leo lau mtu mmoja katika hadhira ya Muyaka angaliandika siku pembeni mwa kila shairi? Nadhani mijadala mingi ya darasani ingekuwa mifupi, na mingine mizito zaidi ingezaliwa. Wanakili wa miswada ya kale walikuwa na desturi ya kuifunga kazi kwa jina la mnakili na tarehe ya Hijria, na tunawashukuru. Hata hapo msomi hujifunza mapema kwamba hiyo ni tarehe ya kunakiliwa, si lazima iwe ya kutungwa. Wao walikuwa na udhuru wa wino na karatasi. Sisi tuna chombo kinachotupa tarehe mbili bure na kutuachia nafasi ya kuandika ya tatu. Udhuru wetu ni upi?

Jinsi ya kuiandika tarehe

Kichujio hakiwezi kuwa bora kuliko tarehe kinayopewa, na namna tunavyoandika tarehe kwa mazoea hukitatiza. Tarakilishi ikiachiwa kupanga miezi yetu kialfabeti, mwaka utaanza Agosti, ufuatwe na Aprili, kisha Desemba, na Januari isubiri mpaka Februari ipite. Mtindo wa kutanguliza siku nao hauna nafuu, kwa kuwa tarehe 10 Januari na tarehe 10 Novemba zitakaa pamoja huku 9 Januari ikitupwa mbali. Dawa imejulikana tangu zamani, na kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kiliiidhinisha mwaka 1988: andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe 9 Machi 2025 huwa 20250309. Zikiandikwa hivyo, tarehe hujipanga zenyewe.

Lipo jambo la pili linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. TiddlyWiki huhifadhi tarehe zake kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa tatu. Ingizo lililoandikwa saa saba za usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 10, 2025, huhifadhiwa likiwa na tarakimu za Jumapili, Machi 9. Kichujio cha siku hulijua hilo na hurekebisha kwa saa ya tarakilishi yako. Lakini anayechuja kwa kulinganisha tarakimu nane za mwanzo tu atakuta kazi yake ya usiku imehamia jana. Na ni mwanafunzi gani wa uzamili asiyeandika usiku?

La tatu ni la utamaduni. Kwa hesabu ya Kiislamu inayofuatwa na wazee wengi wa pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku huutangulia mchana wake. Mzee wa Lamu akimwambia mtafiti kwamba jambo fulani hufanywa usiku wa Ijumaa, huenda anakusudia usiku ambao mtafiti kutoka bara angeuita Alhamisi usiku. Hakuna programu itakayolitanzua hilo. Mtafiti aandike maneno ya mzee kama yalivyo katika matini, kisha aandike tarehe ya kalenda katika sehemu ya tukio baada ya kuuliza na kuhakikisha. Hapa shajara yenye tarehe humfundisha mtafiti kuuliza swali ambalo asingeliuliza.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba kupanga mawazo kwa tarehe ni utumwa. Maarifa, watasema, hupangwa kwa mada. Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi takribani 90,000 alizozipanga kwa nambari zilizounganisha wazo na wazo, si kwa siku, na alichapisha vitabu vingi ajabu. Sina ugomvi na hoja hiyo. Mada ndiyo itakayoiandika tasnifu. Ila mada na tarehe si wake wenza. Lebo huliweka ingizo katika mada yake, na tarehe huliweka katika safari ya mwandishi. Uzuri wa wiki juu ya daftari ni kwamba ingizo moja linaweza kuulizwa kwa njia zote mbili bila kunakiliwa mara mbili.

Wengine watasema kwamba kichujio cha siku saba kinatufunza kulisahau la zamani. Hoja hii ina uzito zaidi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na anayeitazama orodha ya juma hili pekee ataandika tasnifu ya juma hili pekee. Jibu langu ni kwamba tarehe hiyo hiyo inayoleta mapya ndiyo inayoweza kuyaleta ya kale. Mbali na kichujio cha siku saba, mwanafunzi na awe na kingine kinachomwonyesha aliyoyaandika mwezi kama huu mwaka jana. Atashangaa ni maswali mangapi aliyokwisha kuyajibu na kuyasahau, na ni majibu mangapi ambayo leo asingethubutu kuyatetea.

Wa mwisho watasema kwamba hii ni kazi ya ziada kwa mwanafunzi ambaye tayari amelemewa na karo, mitihani na vibarua. Kuandika tarakimu nane si kazi. Kazi ni kukaa mbele ya jopo la watahini, kuulizwa mahojiano fulani yalifanyika kabla au baada ya kubadilishwa kwa maswali ya utafiti, na kutokuwa na jibu.

Pendekezo

Kutokana na hayo yote, napendekeza mambo matatu kwa chama chetu na kwa idara zetu za Kiswahili.

Kwanza, kila mwanafunzi anayeanza utafiti awe na shajara yenye tarehe ya tukio katika kila ingizo, iwe ya karatasi au ya tarakilishi. Asiye na tarakilishi asijione ametengwa. Daftari la shilingi chache lenye tarehe linaishinda wiki isiyo nazo.

Pili, katika warsha zetu, ambamo tumezoea kujadili nadharia na mbinu za kukusanya data, tutenge kikao kimoja cha kufunzana kuzihifadhi na kuzichuja data hizo. Na tufunzane kwa Kiswahili. Maneno kama ingizo, lebo, kichujio na kivinjari yatakomaa vinywani mwetu yakitumiwa, si yakiorodheshwa tu mwishoni mwa vitabu.

Tatu, wasimamizi wetu watuulize si tu tumeandika nini bali tuliandika lini. Siku hizi ambapo programu za akili unde zinaweza kutunga kurasa kumi kwa dakika moja, shajara inayoonyesha wazo likizaliwa Machi, likitiliwa shaka Mei na kugeuzwa Agosti ni ushahidi muhimu kwamba kazi ni ya mwenyewe. Si ushahidi kamili, kwa kuwa tarehe za faili zinaweza kughushiwa. Lakini ni vigumu kughushi miezi sita ya kubadili mawazo.

Siku moja wanafunzi wa Kiswahili ambao bado hawajazaliwa watazitafuta nyimbo, hadithi na semi tunazozikusanya leo, maana baadhi ya wanaotuimbia na kutuhadithia ni wazee ambao hawana warithi wa sanaa hizo. Watakachokikuta ni mafaili yetu. Watayauliza swali lile lile ambalo sisi tunawauliza waliotuachia Muyaka: haya yalisemwa lini? Waliotutangulia hatuwezi tena kuwarudisha watujibu. Sisi bado tupo, na jibu ni tarakimu nane.